Mwizi wa Kitabu Kimoja

Kitabu kilipopotea mara ya kwanza, Verna Tollefson hakujali sana. Vitabu hupotea. Watu wa Solvik walikuwa waaminifu, lakini pia walikuwa wasahaulifu, na kila theluji ilipoyeyuka vitabu vya maktaba vilianza kuonekana mahali pa ajabu: chini ya viti vya pikapu, kwenye mabanda ya ng'ombe, kimoja hata ndani ya kibanda cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda. Verna alikuwa mkutubi wa mji huo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kazi ilikuwa imemfundisha kungoja.

Ilipopotea nakala ya pili ya kitabu kilekile, aliacha kungoja.

Kilikuwa kitabu chembamba chenye jalada la buluu, kinachoeleza Ukimwi: unaambukizwa vipi, hauambukizwi vipi, na mgonjwa atunzwe namna gani nyumbani. Alikiagiza mwaka ule wa 1988, baada ya serikali kutuma kijitabu cha ugonjwa huo kwa posta, nyumba kwa nyumba. Vijitabu hivyo vilipofika Solvik, watu wengi walivitupa kwenye pipa palepale posta, wasije wakaonekana wanavisoma.

"Huo ni ugonjwa wa San Francisco," alisema Orville Stenerud, muuza mbegu na mwenyekiti wa kamati ya maktaba. "Sisi huku Minnesota tuna mafua na baridi yabisi. Yanatutosha."

Verna alikiagiza hivyohivyo. Aliamini kwamba maktaba inapaswa kuwa na yale ambayo watu wanaogopa kuyauliza. Sasa rafu ilikuwa na pengo mahali kitabu kilipokuwa, na kila alipopita alilitazama pengo lile kama mtu anayepitisha ulimi kwenye jino lililong'oka.

"Mimi nakwambia ni mama mchungaji," alisema msaidizi wake, Dolores Kubicek, huku akibandika lebo. Dolores alikuja Solvik kwa kuolewa, akaachika, akabaki, na hakuna kilichotokea katika mji huo bila yeye kukijua kabla ya chakula cha mchana.

"Usiseme jambo usilokuwa na ushahidi nalo."

"Ushahidi gani tena? Umesahau alivyokuvaa mbele ya kamati?"

Verna hakuwa amesahau. Miaka miwili nyuma, Ardis Rustad, mke wa mchungaji wa Kilutheri, alisimama mbele ya kamati akiwa na kitabu cha kuwaeleza vijana mambo ya miili yao, akakishika kwa ncha za vidole kama soksi chafu, akataka kiondolewe. Verna alikitetea, na kitabu kikabaki. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili walisalimiana kwa kuinamisha vichwa tu, na hata kanisani Verna alichagua benchi la upande wa pili.

Basi akaanza kumwangalia.

Zamani Ardis alikuja mara moja kwa juma, akachukua riwaya mbili, akaandika jina lake kwenye kadi, akaondoka. Siku hizi alikuja kila baada ya siku chache, amevaa koti lake la kijivu, amebeba mkoba mkubwa wa kufumia. Alitembea katikati ya rafu, akasimama kwa muda amewapa watu mgongo, kisha akatoka bila kuazima kitu. Kitabu cha uuguzi wa nyumbani nacho kikapotea. Halafu siku moja Dolores alikuta nakala moja ya kile cha buluu imechomekwa katikati ya vitabu vya mapishi, nyuma kabisa. Ilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua.

"Unaona sasa?" Dolores alisema. "Anavificha ili watu wasivipate. Vingine ameshavichoma, mimi nakwambia."

Verna aliirudisha nakala ile mahali pake. Kabla juma halijaisha, ikapotea tena.

Na si hayo tu. Ardis alikuwa ameacha kuwakaribisha kina mama wa kanisa kwa kahawa nyumbani kwa mchungaji. Mapazia ya ghorofani hayakufunguliwa tena. Alipoulizwa alijibu kwamba wanapaka rangi.

"Rangi gani tangu mavuno?" Dolores aliuliza. "Wanapaka nyumba au wanapaka mji mzima?"

Verna alicheka, lakini neno lile lilimkaa. Mtu anayefunga mapazia yake na kuja kuiba vitabu vya watu, aliwaza, anajiona nani? Alilala na hasira hiyo na kuamka nayo. Akimenya viazi, alikuwa akibishana na Ardis kichwani mwake, na kila mara alimshinda.

Ofisi ya maktaba za wilaya ilikuwa imempa Verna lango la umeme mwaka uliopita, akalikataa. Lilikuwa nguzo mbili za plastiki za kusimamishwa mlangoni. Kila kitabu kiliwekewa utepe mwembamba wa sumaku ndani ya uti wake, na kikipitishwa katikati ya nguzo bila sumaku yake kuzimwa kaunta, kengele hulia. Wakati ule Verna aliwaambia wilayani kwamba maktaba yake si duka la vito. Sasa alipiga simu mwenyewe, akaliomba.

Miezi ya kwanza ya baridi yeye na Dolores walichomeka tepe kwenye vitabu. Watu walipoliona lango lile, walinuna.

"Kwa hiyo sisi sote ni wezi?" Orville aliuliza, ingawa yeye ndiye aliyetia saini lije.

"Ni mashine tu, Orville."

Mume wa Verna, Merle, aliyekuwa fundi wa matrekta, alipita katikati ya nguzo ameinua mikono juu kama mateka. "Sasa nikija kumsalimu mke wangu lazima nipekuliwe? Nyumbani nako utaliweka, karibu na friji?"

Verna aliagiza nakala ya tatu ya kitabu cha buluu. Hakuiweka kwenye rafu. Aliisimamisha juu ya meza iliyo karibu na mlango, jalada likitazama nje, mahali ambapo hata kipofu angeigusa. Alijua anachofanya. Aliweka kitabu kama mtu anavyoweka jibini kwenye mtego wa panya, na moyo wake haukumsuta hata kidogo.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, mchana, maktaba ilikuwa na watu. Kina mama wa kushona mafarishi ya viraka walikuwa wanatazama vitabu vya mitindo, na Orville alikaa kwenye kiti chake cha kila siku akisoma bei za nafaka gazetini. Ardis Rustad aliingia, akazunguka, akasimama kidogo karibu na meza. Verna hakuinua uso. Alihesabu kadi ambazo alikuwa ameshazihesabu.

Kengele ikalia.

Ilikuwa na sauti mbaya kuliko walivyoitarajia, kali na ndefu. Kila mtu aligeuka. Ardis alikuwa amesimama katikati ya nguzo, mguu mmoja mbele, kama aliyegandishwa na baridi. Verna alitoka nyuma ya kaunta. Baadaye, kila alipokumbuka, alichokionea haya zaidi ni kwamba alikuwa na furaha. Alitembea kama mtu anayekwenda kupokea zawadi.

"Bibi Rustad," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa Orville, "naomba ufungue mkoba."

Ardis alimtazama. Uso wake ulikuwa umekonda, na chini ya macho palikuwa na weusi ambao Verna, kwa miezi yote ya kumchunguza, hakuwahi kuuona. Aliusogeza mkoba kifuani, akaufungua kidogo, upande wa Verna tu.

Kitabu kilikuwamo. Chini yake palikuwa na pakiti ya mirija ya kunywea, ile inayopinda shingo. Palikuwa na vichupa vya chakula cha watoto wachanga, karoti na tufaha la kusaga, na paketi ya nepi, nazo hazikuwa za mtoto. Nyumbani kwa mchungaji hapakuwa na mtoto. Mchungaji alikuwa na kijana mmoja tu, Joel, na huyo alikuwa mtu mzima anayefanya kazi ya uchapaji Minneapolis.

"Joel," Ardis alisema. Hakutoa sauti, midomo tu ilicheza.

Verna alisimama pale. Kengele ilikuwa bado inalia. Nyuma yake mtu mmoja alikohoa, na kiti cha Orville kikalalamika alipokuwa akijigeuza ili aone vizuri.

"Mkasi," Verna alisema. Akaufunga mkoba yeye mwenyewe. "Ni mkasi wa kushonea. Mashine imeshika chuma. Nilijua tu hii mashine itatutia aibu. Samahani sana, Bibi Rustad. Pita."

Ardis akapita. Hakusema ahsante. Kupitia kioo Verna alimwona akishuka ngazi zenye barafu kwa hatua fupifupi, amekumbatia mkoba kwa mikono miwili.

Dolores hakungoja hata mlango ufungwe vizuri. "Kile kitabu cha mezani kiko wapi?"

"Nimekitoa."

"Umekitoa saa ngapi? Nimekiona sasa hivi."

"Dolores, vitabu vya watoto havijapangwa."

Dolores akaenda kupanga vitabu vya watoto, lakini alivipanga polepole, akimtazama Verna juu ya rafu fupi, na jicho lile Verna alilifahamu. Lilikuwa jicho alilokuwa nalo mwenyewe tangu mavuno.

Juma lililofuata kamati iliitisha kikao palepale maktabani. Orville aliweka mikono juu ya meza, kama alivyozoea anapotaka kumpunguzia mkulima bei.

"Verna, tumeleta mashine ya kukamata mwizi. Mashine imekamata. Wewe umeachia."

"Mashine ilishika mkasi."

"Dolores anasema kitabu hakipo."

"Dolores anasema mengi."

"Kipo au hakipo? Maana watu wanaanza kusema mchungaji amekuziba mdomo. Wanasema umekubali vitabu viondolewe kimyakimya, baada ya kelele zote zile za uhuru wa kusoma. Hata mimi najiuliza."

Verna aliona wote wanamtazama. Angeweza kusema neno moja na kuwa huru. Lakini alikuwa ameshaona mirija ile.

"Kitabu ninacho mimi," alisema.

"Wewe? Cha nini?"

"Cha kusoma. Hii ni maktaba, Orville."

Zamani hizo kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndani ya mfuko wa karatasi nyuma ya jalada. Aliyeazima aliandika jina lake chini ya jina la aliyemtangulia, na kadi ikabaki kwenye trei ya kaunta mpaka kitabu kirudi. Watu wa Solvik walizipenda kadi hizo. Wengine walifungua kitabu mwisho kabla ya mwanzo, waone kwanza nani amekisoma, ndipo waamue kama wakisome. Kadi ya kitabu kile cha buluu ilikuwa tupu. Verna aliitoa kwenye droo alikokuwa ameiweka siku ya mtego, akaandika jina lake mbele ya kamati, akaitia kwenye trei.

Hakufikiri mbali. Alidhani amefunga mlango, kumbe ameufungua mwingine.

Merle ndiye aliyekuwa wa kwanza kupigwa na upepo. Wateja waliomletea matrekta walianza kuweka funguo juu ya boneti badala ya kumkabidhi mkononi. Kinyozi alisema ana kazi nyingi, arudi siku nyingine, na kiti kilikuwa kitupu. Merle hakuwa mtu wa kushuku mambo. Alidhani labda ananuka oili.

Halafu siku moja aliingia nyumbani akaketi bila kuvua koti.

"Leo pale mgahawani nimepewa kahawa kwenye kikombe cha karatasi."

"Labda vya udongo vimekwisha," Verna alisema.

"Wenzangu wote mezani walikuwa na vya udongo." Aliigeuza kofia yake mikononi. "Nikamuuliza yule binti, kulikoni? Akawa mwekundu kama nyanya. Orville ndiye aliyeniambia. Eti kuna kitabu, na jina lako liko kwenye kadi."

Verna aliweka kijiko chini.

"Mwaka juzi ulikwenda Chicago," Merle alisema taratibu, "kwenye mkutano wa wakutubi. Juma zima."

"Merle!"

"Nauliza tu. Nina haki ya kuuliza au sina?"

"Na wewe je? Wewe hukwenda Fargo kwenye maonyesho ya mashine?"

"Mimi sijaazima kitabu."

Walitazamana. Walikuwa wameoana tangu ujana wao, wamelea mabinti wawili, wamezika wazazi wanne, na hapo mezani, kati ya chumvi na siagi, kila mmoja alimwona mwenzake kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Kitabu ni cha nani, Verna?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi, au hutaki?"

"Nikikwambia wewe, kesho kila trekta litajua."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilimuuma zaidi. Merle alichukua mto wake, akaenda kulala kwenye kochi. Verna alibaki macho akijiambia kwamba angalau yeye hana kosa, na kila alipofika hapo alikumbuka jinsi alivyoweka kitabu mezani na jinsi alivyotembea kwa furaha kuelekea langoni. Kujitetea kukamshinda.

Kanisani hakuna aliyekaa kwenye benchi lao. Dolores alikunywa kahawa yake kwenye kikombe alichokileta kutoka kwao. Na Ardis Rustad hakuonekana popote.

Alikuja Alhamisi, mchana, saa ya watu. Hakuwa na mkoba. Alikuwa amebeba vitabu kifuani, waziwazi, kama kuni. Aliviteremsha kwenye kaunta mbele ya Dolores: nakala tatu za buluu na kile cha uuguzi.

"Nimekuja kurudisha," alisema. "Sikuviandikisha nilipovichukua. Hilo ni kosa langu."

Dolores alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakikutoka kitu.

"Na hiki kimoja nataka kukiazima. Kadi iko wapi?"

Verna ndiye aliyeitoa kwenye trei. Ardis alilitazama jina la Verna kwa muda, kisha akachukua kalamu akaandika lake chini yake, kwa herufi kubwa, akikandamiza. Akageuka kuwatazama waliokuwamo. Orville alikuwa ameshusha gazeti magotini.

"Mwanangu Joel yuko nyumbani tangu msimu wa mavuno. Anaumwa. Ni ugonjwa huu ulioandikwa hapa. Anayetaka kuuliza kitu aniulize mimi, niko hapa." Alingoja. Hakuna aliyeuliza. "Vizuri. Na mwacheni Merle Tollefson anywe kahawa yake kama binadamu. Yule hana ugonjwa wowote isipokuwa kitambi."

Akakichukua kitabu akaelekea mlangoni. Dolores, kwa butwaa, hakuwa amekipitisha kwenye kifaa cha kuzima sumaku, na kengele ikalia tena, kali vilevile. Hakuna aliyeinuka. Ardis alisimama katikati ya nguzo, safari hii akiwa ameinua kichwa.

"Izimeni hiyo takataka," alisema, akatoka.

Verna aliinama chini ya meza, akachomoa waya ukutani.

Jioni hiyo Merle alirudisha mto wake kitandani. Alikaa ukingoni akivua soksi, akatikisa kichwa.

"Nimevunjika shingo kwenye kochi kwa ajili ya mama mchungaji."

"Ungeniamini tu, ungelala kitandani."

"Na wewe ungeniamini mimi," alisema Merle, "ningejua ninateseka kwa nini." Verna akazima taa.

Siku chache baadaye Ardis alimpigia simu. Hakuzunguka.

"Umekisoma kile kitabu, au uliandika jina tu?"

"Nimekisoma."

"Basi unajua. Sijakaa kanisani nikamsikiliza mume wangu akihubiri tangu Joel arudi. Njoo Jumapili ukae naye wakati wa ibada. Nimeshawaomba wengine wawili. Mmoja eti anaumwa mgongo, mwingine ghafla ana wageni."

Verna akaenda. Nyumba ya mchungaji ilinuka dawa ya kuchua na mkate. Ghorofani mapazia yalikuwa wazi sasa, na mwanga wa theluji ulijaa chumbani. Kijana aliyekuwa kitandani angeweza kuwa babu wa Joel aliyemfahamu, ila macho hayakubadilika.

"Bibi Tollefson," alisema. "Uliwahi kunitoa nje ya maktaba kwa kucheka."

"Ulicheka mpaka ukaangusha tufe la ramani ya dunia."

"Basi leo nitajizuia. Vinginevyo utanitoa nje ya kitanda changu mwenyewe."

Ardis alikuwa ameacha chupa ya kahawa na vikombe viwili vya udongo. Joel alitaka kumimina mwenyewe. Mikono yake ilitetemeka, na kahawa nyingine ikamwagika kwenye sahani. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na kidonda. Alikishika kikombe kwa viganja viwili, akamnyooshea.

Verna alikipokea. Alikuwa amekisoma kitabu mwanzo hadi mwisho, mara mbili, na ukurasa wa vikombe, sahani na taulo aliukumbuka neno kwa neno. Lakini mkono wake haukuwa umesoma kitu. Ulikibeba kikombe mpaka magotini, ukakiweka hapo. Alianza kuzungumzia hali ya hewa.

Joel alimsikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mama naye ilimchukua muda."

"Muda wa nini?"

"Nilipofika alikuwa akichemsha vikombe vyangu kwenye sufuria. Alifunga mlango wa jikoni, akidhani sisikii. Mimi niko huku juu nasikia vinavyogongana. Kila siku." Alipumzika apate pumzi. "Ndipo akaanza kuleta vile vitabu. Alinisomea hapa, amekaa hapohapo ulipokaa. Ukurasa uleule tena na tena, kama anakariri katekisimu. Mara vinapotea kwa siku mbili, anasema amevirudisha kwa aibu. Halafu anakwenda kuvichukua tena, kwa sababu ameanza kuogopa upya. Mpaka siku moja nikasikiliza jikoni, sikusikia kitu."

Verna alikitazama kikombe. Kahawa ilikuwa imeacha kufuka moshi. Aliwaza juu ya vitabu vilivyofichwa katikati ya mapishi, na jinsi yeye na Dolores walivyovuta picha ya moto na majivu, na hawakuwaza hata mara moja kwamba mtu anaweza kukiiba kitabu ili akisome.

Akanywa. Alikunywa nusu nzima kwa mara moja, kama dawa, na Joel alimwangalia bila kujificha.

"Imepoa, sivyo?"

"Imepoa kabisa."

"Hujakosa kitu. Kahawa ya mama hata ikiwa ya moto ni mbaya."

Alikwenda kila Jumapili baada ya hapo. Joel alifariki barafu ilipoanza kuachia ziwa. Mzishi wa mjini alisema gari lake limeharibika, ikabidi apatikane mwingine kutoka mji wa mbali. Wanaume kadhaa wa kanisa nao ghafla waliumwa migongo, kwa hiyo jeneza lilibebwa na Merle, mchungaji mwenyewe na marafiki wanne wa Joel waliotoka Minneapolis, ambao Solvik iliwakodolea macho mpaka mwisho wa ibada. Orville alisimama nyuma kabisa ameshika kofia, akaondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Lakini alikuja.

Dolores alioka tambi, nyama na uyoga kwenye bakuli la udongo, akalifunika, akaliacha kizingitini kwa mchungaji, akabonyeza kengele, akakimbilia garini. Baada ya juma moja Ardis alilileta maktabani limeoshwa, akalikabidhi mkononi.

"Lilikuwa zuri," alisema. "Chumvi ilizidi kidogo."

Dolores aliliweka juu ya kabati la chumba cha nyuma, karibu na birika, na likakaa hapo majira yote ya joto. Hakulipeleka nyumbani. Hakulitupa. Verna hakumuuliza, maana hata yeye Verna alipata kukaa na kikombe cha Joel magotini.

Msimu wa baridi uliofuata wilaya ilileta kompyuta. Fundi kijana alikuja na mabunda ya waya, akaeleza kwamba kadi za majina zimepitwa na wakati. Kila mtu atakuwa na namba, na mashine itajua nani ana nini.

"Kitabu kikirudi," Verna aliuliza, "inakumbuka bado?"

"Inategemea unavyotaka. Naweza kuiacha ikumbuke, naweza kuifanya isahau. Wengi wanapenda ikumbuke."

"Ifanye isahau."

"Sasa mwizi tutamjuaje?" Dolores aliuliza kutoka chumba cha nyuma.

Fundi aliingia huko kutafuta chombo cha kutilia skrubu zake, na mara wakasikia skrubu zikigonga udongo.

"We kijana!" Dolores alipaza sauti. "Hilo ni bakuli la chakula!"

Alimnyang'anya, akazimwaga skrubu mezani, akaliosha bakuli kwa maji ya moto, akalikausha kwa ncha ya sweta yake. Saa ya kufunga ilipofika, alitoka nalo chini ya kwapa, akaenda zake nyumbani.